Mabano Yaliyogeuza Mgongo

Jumamosi, mwezi wa sita. Rosettenville.

Baridi kavu leo, na jua kali lisilopasha kitu. Soksi nilizoanika asubuhi zimekauka zikiwa ngumu kama mbao. Midomo imepasuka, vidole vimepasuka, na mimi mwenyewe niko karibu. Nina hasira, ila hasira ya leo imekosa mtu wa kumwendea, ndiyo maana nimekaa kuandika badala ya kupiga pasi.

Wiki nzima ilikuwa na mtu wake. Mtu huyo alikuwa mwalimu wa hesabu wa binti yangu.

Nieleze tangu mwanzo, maana huenda unayesoma ukurasa wangu huu wa mtandaoni hukusoma nilichoandika Jumanne. Furaha ana miaka kumi na sita, yuko darasa la kumi. Jumatatu alileta barua kutoka shuleni. Jaribio la muhula lilikuwa la alama hamsini, na aliyepata chini ya ishirini na tano anatolewa kwenye hesabu kamili anapelekwa Maths Lit, zile hesabu nyepesi za kusoma ramani na ratiba. Furaha alipata ishirini na mbili. Mzazi asaini hapo chini, fomu irudi Jumatatu ijayo.

Maths Lit si dhambi. Watoto wengi wanaisoma na maisha yanaendelea. Lakini Furaha anataka kusomea famasia tangu ana miaka tisa, tangu alipokuwa anapanga vidonge vya presha vya marehemu bibi yake kwenye vifuniko vya chupa, cha asubuhi hapa, cha jioni pale. Na famasia haichukui mtu wa Maths Lit. Nikisaini tu, ndoto hiyo imekwisha, na mtoto hata hajamaliza shule.

Halafu kuna hili ambalo linanikera kuliko yote.

Mimi ni mwalimu wa hesabu.

Nilikuwa. Miaka sita kule Uvira, Kongo, sekondari, wanafunzi hamsini na kitu darasani na chaki hadi kwenye nyusi. Hapa Johannesburg nina miaka kumi na mmoja, na ninashona sare za shule kwenye karakana moja ya Doornfontein, ghorofa ya tatu, lifti mbovu. Vyeti vyangu vilibaki. Nilipofika na kuulizwa kazi yangu, nilisema fundi cherehani, kwa sababu kushona nilikuwa ninajua na Kiingereza nilikuwa sijui. Tangu siku ile sijamwambia mtu mwingine jambo tofauti. Karakana nzima inajua Mama Furaha anakata kola vizuri. Basi.

Nyumbani tu ndiko nilikobaki mwalimu. Kila Jumapili baada ya ibada, tangu mwaka uanze, mimi na Furaha mezani, daftari la mazoezi ya nyumbani katikati, na kalamu nyekundu mkononi mwangu. Saa mbili nzima. Sisikii majirani wala sisikii simu. Nikikiri ukweli, ni saa mbili ninazozingoja wiki yote.

Sasa mtu afundishwe na mimi kila Jumapili halafu apate ishirini na mbili? Haiwezekani. Ndivyo nilivyojiambia Jumatatu, na Jumanne nikaja kuandika hapa kwamba mwalimu wao, Bwana Moyo, ana roho mbaya, kwamba hawapendi watoto wetu sisi wageni, kwamba yeye mwenyewe ametoka Zimbabwe na amesahau njia aliyopita. Niliandika mengi. Jumatano niliyarudia kanisani kwenye maombi ya akina mama, nikaitikiwa amina. Alhamisi niliyapeleka karakana.

Jana tulikuwa tumesimama kwenye robot, zile taa za kuongozea magari, karibu na karakana, mimi na Mzee Deo, Mrundi anayekata vitambaa meza ya jirani. Mzee Deo si mtu wa maneno. Alinisikiliza robot ikabadilika rangi mara mbili, sisi hatujavuka. Halafu akauliza, "Mama Furaha, hiyo karatasi ya mtihani umeiona wewe mwenyewe, ama umeona ile barua tu?"

Nilimjibu kwamba barua inatosha. Nilivuka barabara kwa hasira. Lakini swali lile lilikaa kwenye shingo kama lebo ya shati jipya.

Kwa hiyo leo mchana, baada ya kufua, nikamwita Furaha. "Leta ile karatasi."

"Ma, achana nayo. Ni sharp."

"Sawa ya wapi? Leta."

Mtoto huyu alikuja hapa ana miaka mitano. Kiswahili anakisikia chote, lakini anachonijibu ni nusu yake, na nusu nyingine anaimalizia kwa mabega. Leo mabega yalisema mengi. Alizunguka chumba, akatafuta begi lililokuwa miguuni pake, akaenda kunywa maji, akarudi. Mwisho akatoa karatasi imekunjwa mara nne.

Tukaanza na uwiano, ndio uliokuwa mbele. Mafundi wanne wanamaliza sare za shule nzima kwa siku kumi na tano, je, mafundi sita watamaliza kwa siku ngapi? Hapo nilicheka kwa uchungu. Aliyetunga swali hili hajawahi kuingia karakana. Sisi tuna cherehani nne. Ukileta mafundi sita, wawili watakaa wanasimulia mambo ya watu. Na umeme je? Lakini Furaha alikuwa amefanya kama nilivyomfundisha, rudi kwanza kwenye mmoja: fundi mmoja angetumia siku sitini, basi sita watatumia kumi. Tiki. Sehemu ile yote alipata kumi na moja kati ya kumi na tano. Nikavuta pumzi. Nikasema moyoni, unaona? Mtoto anajua.

Uwezekano sasa. Nne kati ya kumi na tano. Nne! Swali lenyewe mtu anaweza kulijibu anamenya viazi: unarusha dadu, je, kuna uwezekano gani wa kupata namba shufwa au namba kubwa kuliko nne? Furaha alihesabu shufwa tatu, akahesabu kubwa kuliko nne mbili, akajumlisha, akaandika tano juu ya sita.

Nilichukua vifungo sita vya koti, nikaviandika namba kwa chaki yangu ya kukatia. Nikamwambia asukume mbele zile shufwa. Akasukuma mbili, nne, sita. Sasa sukuma zilizo kubwa kuliko nne. Akasukuma tano, akaenda kuigusa sita, mkono ukasimama hewani. Sita ilikuwa imeshakwenda.

"Eish."

"Ndiyo, eish. Hesabu."

Vifungo vinne. Nne juu ya sita. Alikuwa ameihesabu sita mara mbili, na alifanya hivyo kwenye maswali matatu mfululizo. Hapo sikuwa na cha kumlaumu Bwana Moyo, ingawa nilijaribu. Nilisema labda hakufundisha vizuri. Furaha akasema alifundisha, siku ile yeye alikuwa anapiga soga na rafiki yake. Angalau amekiri.

Tukafika kwenye zile za kutolingana, za ndogo kuliko na kubwa kuliko. Hizi ndizo zangu. Uvira walikuwa wananiletea wanafunzi wa madarasa mengine niwafundishe hizi. Tangu mwezi wa pili nimezifanya na Furaha hadi mtoto anaota alama zinageuka. Saba kati ya ishirini.

Baadhi ya makosa yalikuwa ya kweli. Ukigawanya kwa namba hasi, alama ya ndogo kuliko inageuka kuwa kubwa kuliko, na yeye mara tatu aliiacha ilivyo. Alama saba zilipotea hapo kwa haki. Nilimtazama, akatazama dirisha.

Lakini zilizobaki, alama sita, moja kwenye kila swali, zilikatwa mahali ambapo hesabu yote ilikuwa sahihi kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Kila mara jibu la mwisho limezungushiwa duara jekundu, na pembeni neno moja la Kiingereza lenye maana ya mabano, na alama ya kuuliza.

Nitaeleza, vumilia kidogo. Jibu ni namba zote kubwa kuliko hasi mbili, zisizozidi tatu. Hasi mbili yenyewe haimo, tatu imo. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa, namba isiyomo tunaigeuzia bano mgongo: ]−2 ; 3]. Ukiona bano limegeuka nje, unajua namba ile haijakaribishwa. Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo nilivyofundisha, na ndivyo Furaha alivyoandika, mabano yote sita, yamenyooka vizuri.

Nilisimama. Nilipandisha sauti hadi Bibi Mreno mwenye nyumba akafungua dirisha lake la jikoni. Nilisema huyu mwalimu hajasoma, nchi nzima-nzima zinaandika hivi, nitampelekea kitabu, tena nitamfungulia kitabu chake mwenyewe mbele ya mkuu wa shule. Nikavuta kitabu cha Furaha kwenye rafu nimtafutie ushahidi.

Kitabu kile kimekaa pale tangu mwezi wa kwanza. Leo ndiyo mara ya kwanza nakifungua. Mimi nifungue kitabu cha darasa la kumi cha nini? Hesabu hizi ninazijua.

Ukurasa wa kutolingana uko katikati. Wana kisanduku cha kijani, na ndani ya kisanduku wameeleza polepole, hata mtu wa Kiingereza changu akaelewa: namba iliyomo inawekewa bano la mraba, namba isiyomo inawekewa bano la mviringo. (−2 ; 3]. Maana ileile, jibu lilelile, ila bano ni jingine. La kugeuza mgongo halimo kabisa. Nilipekua mbele, nikapekua nyuma, nikaenda hadi kwenye majibu ya mwisho. Halimo.

Nikakaa chini.

Hata hapo nilikuwa bado natafuta pa kutokea. Nikasema, basi ni yeye Furaha, kwa nini hakuangalia kitabu? Nikavuta lile daftari letu la Jumapili nimwonyeshe kwamba nilimwambia akague kitabu cha shule. Sikuwahi kumwambia hivyo, lakini nilikuwa na hakika ningekuta nimemwambia.

Nilichokuta ni karatasi imechubuka.

Ukitumia raba kwenye daftari la bei rahisi, karatasi inachubuka na maandishi ya zamani yanabaki kama kivuli. Nililiinua daftari kwenye mwanga wa dirisha. Chini ya bano langu lililogeuka mgongo, kulikuwa na bano la mviringo. Nikafungua ukurasa mwingine. La mviringo tena chini, langu juu. Nilihesabu tisa. Na kwenye ukurasa wa kwanza kabisa, wa mwezi wa pili, kabla raba haijaanza kufanya kazi, la mviringo lipo wazi, ameliandika vizuri, na juu yake kuna mkato mkubwa wa kalamu nyekundu, na neno KOSA, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni.

Alikuwa anajua. Alifundishwa shuleni, akaelewa, akaja nalo nyumbani, mimi nikamkatia. Akafuta. Akafuta tena na tena, Jumapili baada ya Jumapili, hadi mkono ukazoea, na siku ya jaribio mkono ukaandika ulichozoea.

Nilimuuliza, "Furaha, ulifuta juu ya nini?"

Alikuwa anavipanga vile vifungo kwa mstari, moja mpaka sita. Hakuinua kichwa.

"Uliandika ni kosa, Ma. Mwalimu ni wewe."

Hakuwa na kejeli, ningemjua. Alisema kama mtu anavyotaja siku ya wiki. Miaka kumi na mmoja hakuna mtu aliyeniita hivyo katika nchi hii, na aliyeniita nilikuwa nimempotezea alama sita.

Baada ya muda nikamuuliza, na kwa nini hukuniambia baada ya jaribio, uliponiona natukana kutwa? Akanyanyua mabega. Halafu, kwa Kiingereza, kwa sauti ndogo, akasema aliogopa nitaacha zile Jumapili. Niliinuka nikaenda kuanua soksi. Nilikaa nje na zile soksi muda mrefu kuliko zilivyohitaji.

Ishirini na mbili ukiongeza sita ni ishirini na nane. Kiwango ni ishirini na tano. Hesabu hii haihitaji mabano ya aina yoyote.

Sasa nimebaki na nini? Barua inayosema mtoto wangu hawezi, na mimi ninayejua kwamba anaweza, na sababu ya barua imekaa kwenye kiti hiki inaandika. Nilimsema vibaya mtu asiyenijua, hapa, na kanisani, na kazini. Nilichoandika Jumanne sitakifuta. Kifutio kimefanya kazi ya kutosha katika nyumba hii. Kibaki hapo, na hiki kikae juu yake, anayesoma asome vyote viwili.

Nimeamua Jumatatu niende shuleni kwa Bwana Moyo. Kusema hivyo ni rahisi. Sijawahi kuingia kwenye lile geti zaidi ya siku ya kumwandikisha. Mikutano ya wazazi huwa nasema nina kazi, na kweli nina kazi, lakini ukweli mwingine ni kwamba nikianza kusema Kiingereza mbele ya walimu, ninasikia wananiongezea sauti kana kwamba sisikii. Na safari hii sina budi kusema sentensi ndefu. Niseme kosa ni langu. Aniulize limekuwaje langu, nimwambie nilimfundisha mimi. Aniulize wewe ulisomea wapi mambo haya, na hapo itabidi nimtamkie mwalimu mwenzangu kwamba mimi ni mwalimu, nikiwa nimevaa koti la kazi lenye nyuzi za sare za watoto wake.

Akinicheka je? Na akisema samahani mama, lakini utaratibu ni utaratibu, alama haziongezwi? Anaweza kusema hivyo na atakuwa na haki. Makosa ya dadu ni ya Furaha. Alama zilizokataa kugeuka ni za Furaha. Sita tu ndizo zangu, na ni sita tu ninazokwenda kuzidai.

Kwa kuwa siuamini mdomo wangu, jioni hii nimeandika barua. Nusu ukurasa, Kiingereza changu mwenyewe. Nimemchorea na mabano yote mawili, la kwetu na la kwao, na nimeandika kwamba yanasema kitu kimoja. Nimemwekea na kurasa za daftari aone mwenyewe karatasi ilivyochubuka. Nimeandika kwamba mtoto alikuwa anajua. Mstari huo nimeuandika mara mbili, mara ya pili kwa herufi kubwa.

Halafu nikaisukuma barua upande wa pili wa meza, na kalamu nyekundu juu yake.

Furaha aliitazama ile kalamu, akanitazama mimi, akadhani ni mtego. Nikamwambia, "Sahihisha." Akasoma polepole, mdomo ukichezacheza. Akaweka alama ya kwanza kwa woga, ndogo, pembeni. Ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Kufikia ya tano alikuwa ameshaegemea kiti, kalamu imekaa kwenye kona ya mdomo, kama ninavyofanya mimi nikisahihisha.

Makosa saba. Sikufuta hata moja. Kila moja nilimuuliza kwanza kwa nini, na kila moja alinieleza, kwa Kiswahili chake cha nusu, hadi nikaelewa. La sita tulibishana. Tukafungua kamusi. Safari hii nilikuwa sahihi mimi. Akalikata duara lake mwenyewe, akacheka.

Fomu ya shule iko hapa mbele yangu, mahali pa sahihi peupe. Jumatatu saa moja na nusu niko getini nayo, na barua, na daftari. Mzee Deo nimeshampigia kwamba nitachelewa. Aliuliza naenda wapi. Nilikuwa tayari kusema kliniki, nikasema naenda kuonana na mwalimu mwenzangu. Akauliza, mwenzako?

Nikamwambia ndiyo, mwenzangu. Jumatatu nitakueleza.